Tumbo bado lauma baada ya operesheni ya matundu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lamu na Malindi

Majibu haya ni ya mtu mzima aliyefanyiwa operesheni ya tumbo kwa kamera, iwe ya kutoa kifuko cha nyongo, kidole tumbo, uvimbe kwenye ovari au mimba iliyotunga nje ya kizazi, au ya kuziba ngiri, na sasa yuko nyumbani. Vipimo vya dawa ni vya mtu mwenye kilo 50 au zaidi, asiye mjamzito, asiye na ugonjwa wa ini wala figo. Barua uliyopewa ulipotoka hospitali ikisema vingine, fuata barua.

Matundu ni matatu tu, tena madogo. Mbona tumbo zima lauma?

Kilichopunguzwa ni jeraha la ngozi. Ndani, kazi ni ileile ambayo zamani ilifanywa kwa kupasua tumbo. Kifuko cha nyongo hubanduliwa kwenye ini na kuacha sehemu mbichi. Kidole tumbo kilichokuwa na usaha huacha utandu wa tumbo umevimba na kuwaka. Juu ya hayo, daktari hawezi kuona chochote mpaka tumbo lijazwe hewa ya ukaa, kwa kawaida lita 3 hadi 5, kwa mgandamizo wa milimita 12 hadi 15 za zebaki. Utandu na misuli huvutwa kwa saa nzima au zaidi, na ukiamka unajihisi kama uliyebeba magunia gatini tangu alfajiri.

Kwa wengi siku 3 za kwanza ndizo ngumu. Kufikia siku ya 7 mtu anatembea wima na kulala usiku. Kuvutwavutwa, kuchoma mara moja ukigeuka ghafla, na kuchoka upesi huweza kubaki wiki 2 hadi 4, na bado yakawa ya kawaida.

Ukali wa maumivu peke yake hausemi mengi. Tazama yanakoelekea: leo ni nafuu kuliko juzi? Maumivu makali yanayopungua kila siku yanatutia wasiwasi kidogo kuliko maumivu madogo yaliyokuwa yameisha, kisha siku ya 5 yakarudi na kupanda.

Tumbo lavumilika, ila bega la kulia ndilo linaninyima usingizi. Waliniumiza bega?

Hapana. Hewa iliyobaki tumboni hupanda juu ukikaa au ukisimama, ikajikusanya chini ya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Neva ya kiwambo inatoka shingoni, mahali pamoja na neva za ngozi ya bega, kwa hiyo ubongo hudhani bega ndilo linaloumia. Ndiyo maana kulikanda bega hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kulala chali na mto mmoja mwembamba kwa dakika 20 au 30, chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo begani, paracetamol, na kutembea. Hewa hiyo hunyonywa na utandu, ikaingia kwenye damu na kutoka kwa pumzi. Kwa kawaida bega huachia ndani ya siku 3, mara chache wiki.

Lakini bega likiuma pamoja na kubanwa kifua, kukosa pumzi, kizunguzungu au tumbo linalozidi kujaa, usilisingizie hewa. Nenda hospitali wakati huohuo.

Nikinywa soda au Eno nicheue, hewa hiyo itatoka?

Haitatoka. Hewa ya operesheni iko nje ya utumbo. Kinachotoka kwa kucheua au kujamba ni hewa ya ndani ya utumbo. Soda itakuongezea ya pili bila kugusa ya kwanza.

Mbona kitovuni ndiko kunakouma zaidi?

Kwa sababu tundu la hapo ndilo kubwa mara nyingi, milimita 10 hadi 12, wakati mengine ni milimita 5. Mara nyingi kilichokatwa hutolewa hapo, na kukiwa na jiwe kubwa la nyongo, daktari hulipanua tundu hilo. Kisha nyama ya chini ya ngozi hushonwa kwa uzi mnene unaovuta kila unapojinyoosha. Weusi au unjano kuzunguka kitovu ni damu iliyovilia. Hufifia kwa wiki 2.

Wanaume wengi hujiumiza hapa bila kujua: fundo la kikoi hukaa juu ya kitovu hasa. Kwa wiki 2 lifunge pembeni, au vaa kanzu peke yake. Kwa wanawake, mkanda wa sketi ndio mkosaji, dera linatosha.

Leo siku ya nne sijaenda choo na tumbo limejaa. Nifanye nini?

Kwanza jiulize: najamba? Kama hewa inatoka, hutapiki, na tumbo ni laini ukilibonyeza, utumbo umeamka ila ni mvivu. Usingizi wa operesheni huuzubaisha, tramadol na dawa nyingine za jamii ya kasumba zikauzubaisha zaidi, na mtu aliyeogopa kula na kunywa humalizia. Kunywa maji lita 2 kwa siku, na msimu wa kaskazi jua likiwa kali ongeza nusu lita. Kula papai asubuhi na jioni, na tende chache zilizolowekwa. Tembea. Ukiona siku ya 3 imepita bila choo, laktulosi mililita 15 mara mbili kwa siku ni laini na salama. Hutaka siku moja au mbili kufanya kazi. Bisakodili miligramu 5 hadi 10 usiku huleta choo asubuhi, pamoja na msokoto kidogo.

Sanamaki tunaijua sote, na kweli inaendesha. Tatizo ni kipimo: gao la majani halina miligramu, na msokoto wake juu ya tumbo lililoshonwa unaweza kukuchanganya usijue ni dawa au ni hatari. Ukiitumia, usiichanganye na bisakodili, maana zote mbili huchokoza utumbo kwa njia moja.

Kama hujambi kabisa, tumbo linavimba na unatapika, usinywe dawa yoyote ya kuendesha. Huenda utumbo umeziba au umesimama, na kuusukuma ni kuuharibu. Hilo ni la hospitali.

Choo cha kuchuchumaa si kibaya kwa mkao wake. Kibaya ni kukamua na kuinuka kwa ghafla. Shika ukuta, au omba kiti cha choo wiki ya kwanza.

Nitumie dawa gani za maumivu, na kwa muda gani?

Kosa tunaloliona zaidi ni kungoja maumivu yapande ndipo mtu ameze. Siku 3 za kwanza meza kwa saa: paracetamol gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, kila saa 6. Visizidi vidonge 8 kwa saa 24. Kama haitoshi, na huna vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizi wala hutumii dawa za kuyeyusha damu, ongeza ibuprofen miligramu 400 kila saa 8 baada ya chakula, kwa siku 3 hadi 5. Zote mbili pamoja hufanya kazi vizuri kuliko moja iliyozidishwa.

Ibuprofen na diclofenac ni ndugu. Kumeza zote mbili si kuongeza nguvu, ni kuongeza hatari ya kutoboka tumbo na kuumia figo. Paracetamol nayo imejificha ndani ya Panadol na vidonge vingi vya mafua. Soma pakiti kabla ya kuhesabu. Tramadol iweke kwa usiku unaposhindwa kulala, na iache mapema.

Halafu kuna kidonge cha antibayotiki kinachonunuliwa dukani "kukausha kidonda cha ndani". Hakitulizi maumivu. Na kama kuna usaha unaojikusanya ndani, kinaweza kupoza homa kwa siku mbili tatu huku jipu likikua. Antibayotiki ni ile uliyoandikiwa, mpaka dozi iishe.

Nile nini? Watu wa nyumbani wananiletea kila kitu.

Inategemea kilichotolewa. Aliyetolewa kidole tumbo au kushonwa ngiri hana chakula cha haramu, ila jamii ya maharagwe kwa wiki ya kwanza. Aanze na uji, supu ya samaki, wali laini, aongeze kadiri hamu inavyorudi.

Aliyetolewa kifuko cha nyongo ana habari nyingine. Ini linaendelea kutengeneza nyongo, lakini ghala halipo tena. Nyongo inadondoka kidogokidogo mchana na usiku, haisubiri mlo. Ukileta mafuta mengi kwa mpigo, iliyopo haitoshi kuyayeyusha, nayo hupita hadi chini na kukuletea msokoto na kuhara. Na upishi wetu, tuseme kweli, umesimama juu ya nazi. Si lazima uiache. Kwa wiki 2 hadi 4 mpishi aweke kando tui zito la kwanza na kupikia lile jepesi la maji ya mwisho. Samaki awe wa kuchoma au wa mchuzi mwepesi badala ya wa kukaanga. Viazi karai, bajia, kaimati na mahamri yangoje. Kula mara 5 au 6, sahani ndogo. Kisha rudisha kimoja kimoja, kila kimoja kwa siku mbili, ujue kipi tumbo linakikataa. Wengi huzoea. Kuhara kukizidi wiki 4, mwambie daktari, kwa sababu ipo dawa ya kuikamata nyongo inayochokoza utumbo.

Mbaazi, kunde na maharagwe yaache wiki ya kwanza hata kama hukutolewa nyongo. Sukari zake huchachushwa na bakteria wa utumbo mpana, na hewa yake hujaza tumbo lililokwisha kuchoka. Dafu ni zuri, ila mwenye figo dhaifu aulize kwanza, maana lina potasiamu nyingi. Chai ya tangawizi au ya nanaa husaidia kichefuchefu. Pilipili na achari ni shauri lako; hazifumui nyuzi kama watu wanavyosema.

Mamangu anataka kunifunga tumbo kwa leso na kunikanda kwa mafuta moto.

Mwambie kwa adabu angoje. Kufunga kwa kukaza humzuia mgonjwa kuvuta pumzi hadi chini, na mapafu yasiyojaa huleta homa na nimonia. Tena leso hupika jasho juu ya kidonda. Mkanda wa tumbo uliopewa na hospitali ni mpana, hulegezwa, na huvuliwa wakati wa kulala. Kukanda tumbo kusifanyike kwa wiki 6 za mwanzo. Kazi nzuri ya leso ni hii: ikunje iwe kama mto mdogo, iweke juu ya kidonda, ikumbatie kwa mikono miwili kila unapokohoa, kupiga chafya au kucheka. Mama apewe kazi hiyo ya kuikunja na kuiweka karibu.

Naamkaje bila kuhisi nachanwa?

Usiinuke kwa kifua kama uliyeitwa. Kunja magoti, geuka ubavu mwili mzima kwa pamoja, shusha miguu ukingoni huku ukisukuma godoro kwa kiwiko na kiganja. Uzito wa miguu ndio unaokuinua, tumbo halifanyi kazi. Kitanda cha kamba kilicholegea katikati ni adui hapa. Weka godoro gumu au ukaze kamba kabla mgonjwa hajarudi.

Kila saa ukiwa macho, vuta pumzi ndefu mara 10. Tembea dakika 5 hadi 10, mara 4 au 5 kwa siku, kuanzia siku ya kwanza. Hata mwisho wa kichochoro na kurudi barazani ni safari. Ngazi za nyumba za mawe zapandika, polepole, mkono ukutani. Ila ukilala ghorofa ya tatu na choo kiko chini, hamisha kitanda kwa wiki moja.

Naweza kuswali kama kawaida? Na kufunga?

Kinachouma si sijda yenyewe bali kuinuka kutoka kwake. Swali kwenye kiti, rukuu na sijda kwa ishara, mpaka uinuke bila kushika tumbo. Kwa wengi ni wiki 1 hadi 2. Kufunga kungoje: dawa ni kila saa 6 na maji ni lita 2, na mgonjwa ana ruhusa ya kulipa siku zake baadaye.

Nilifanyiwa Mombasa. Safari ya kurudi inafanya tumbo liume zaidi?

Mitikisiko huumiza, ingawa haifumui mishono. Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120. Simama angalau mara moja, ushuke utembee dakika 5. Kwa anayeendelea hadi Mokowe, simama kila saa moja na nusu. Hii si kwa ajili ya tumbo peke yake: damu inayolala miguuni huganda. Zungusha vifundo vya miguu ukiwa umekaa, na weka leso iliyokunjwa kati ya tumbo na mkanda wa gari.

Kutoka Mokowe, kaa nyuma ya boti, tezini. Omo, yaani mbele, ndiyo inayopiga mawimbi. Ukiweza chagua wakati maji yamejaa. Maji yakipwa, ngazi za gati huwa ndefu na zina utelezi, na kuvutwa mkono mmoja juu ndiko kunakochana. Watu wawili washike, mmoja kila upande, na mzigo ubebwe na wengine. Punda usimpande kwa wiki 4: kubana miguu na kudundadunda ni kazi ya misuli ya tumbo. Bodaboda iache wiki 2 za mwanzo. Tuktuk ya mwendo wa pole ni afadhali. Ukipitia uwanja wa Manda, ulize shirika la ndege sharti lao. Operesheni ya matundu isiyo na matatizo kwa kawaida huhitaji siku 1 hadi 2, na hewa iliyobaki hutanuka kidogo ndege ikiwa juu.

Lini nitarudi kwenye kazi?

Kazi ya kukaa dukani au ofisini, wiki 1 hadi 2. Kubeba ni jambo lingine: kwa wiki 2 usizidi kilo 5, na kama ulishonwa ngiri au tundu la kitovu lilipanuliwa, wiki 4 hadi 6. Jerikeni iliyojaa ni kilo 20. Mtoto wa miaka miwili anazidi kilo 10, kwa hiyo mkalie chini akupandie mapajani. Kukuna nazi juu ya mbuzi kunaonekana kazi ndogo, lakini umejikunja na unasukuma kwa tumbo. Ngoja wiki 3. Kuvuta nanga, kutweka tanga na kusukuma dau mchangani, wiki 6, na hapo uanze ukiwa na mwenzako.

Chini ya kidonda nahisi kitu kigumu. Ni ngiri?

Kigongo kigumu, kisichohama, kisichoongezeka, ni nyama inayopona. Hulainika ndani ya wiki 6 hadi 8. Ngiri hutokeza ukikohoa au ukisimama na kurudi ndani ukilala, hasa kitovuni. Ikitokeza ikakataa kurudi, ikauma na ukatapika, ni dharura. Uvimbe wa moto, mwekundu, unaotoa usaha ni uambukizo.

Kuoga na kuingia baharini?

Kuoga kwa kopo baada ya saa 48, bila kusugua. Kausha kitovu kwa kupapasa. Bahari, kisima na bwawa, baada ya wiki 2 na kidonda kiwe kimefunga kabisa. Maji ya chumvi ya bahari si sawa na maji safi ya chumvi ya hospitali, hasa karibu na gati.

Ni dalili gani zisizongoja asubuhi?

Homa ya nyuzi 38 au zaidi. Maumivu yanayopanda badala ya kushuka. Tumbo gumu kama ubao. Kutapika usiweze kushika hata maji. Macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai na choo cheupe, hasa kwa aliyetolewa nyongo: huenda kuna jiwe lililobaki kwenye mrija. Nyongo inayovuja tumboni nayo hujitokeza sana kati ya siku ya 3 na ya 7, kwa maumivu, homa na tumbo kujaa, mara nyingine bila umanjano wowote. Jipu baada ya kidole tumbo kilichopasuka huja baadaye kidogo, mara nyingi baada ya siku ya 5. Kushindwa kukojoa kwa saa 6 hadi 8. Kutoka damu ukeni kunakojaza pedi moja kwa saa. Mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma, au pumzi kukatika ghafla.

Kwa walio visiwani, hesabu ya muda ni tofauti. Aliye Faza, Siyu au Kizingitini akiona homa saa kumi jioni, aanze safari saa hiyohiyo, si baada ya kuona itakuwaje usiku. Anza na hospitali iliyo karibu, King Fahd mjini Lamu au hospitali ya Malindi; wao ndio watakaopima, kuanzisha dripu na kukupa rufaa ikihitajika. Usile wala kunywa njiani, huenda ukarudishwa chumba cha upasuaji. Beba barua ya kutolewa hospitali, dawa zenyewe ndani ya pakiti zake, kitambulisho na namba ya SHA, bima ya afya ya serikali. Bila barua, daktari wa zamu hajui kilichokatwa, na saa ya kwanza huishia kwenye simu.

Imepita miezi mitatu na bado kunauma mahali pamoja.

Hapo si kupona tena, ni ugonjwa wa kutafutwa. Kama unaweza kuweka ncha ya kidole kimoja juu ya maumivu, na yanachoma ukikaza tumbo, huenda neva ndogo imenaswa kwenye kovu; sindano ya ganzi mahali hapo huthibitisha na mara nyingi hutuliza. Maumivu ya chini ya mbavu za kulia yanayokuja baada ya kula yanahitaji ultrasaundi na kipimo cha damu cha ini. Maumivu ya msokoto yanayokuja na kuondoka, pamoja na kujaa tumbo, huweza kuwa mishikamano ya ndani, makovu yanayogandisha utumbo, na hayo hayaonekani vizuri kwenye ultrasaundi. Na kuna wale ambao maumivu yao yalikuwepo kabla ya operesheni, mawe yalipatikana na kutolewa, lakini kumbe kilichokuwa kikiuma ni vidonda vya tumbo. Mweleze daktari waziwazi: haya ni maumivu yaleyale ya zamani, au ni mapya? Kwa wiki moja kabla ya kumwona andika saa yalipoanza, ulichokuwa umekula, yalidumu dakika ngapi na kilichoyatuliza. Karatasi hiyo itampa mahali pa kuanzia kabla hajachagua kipimo.